Neno homofobia linavyoua mdahalo, na kwa nini bado sijalitupa

Nimeongoza midahalo redioni muda mrefu sasa, siasa, dini, ndoa, malezi, kila kitu kinachofanya watu wapige simu wakiwa wamefura, na kama kuna neno ambalo nikilisikia tu najua muda uliobaki umekwenda na maji ni hili la homofobia, yaani chuki au hofu dhidi ya mashoga. Sio neno ushoga, hapana, hilo watu wanatoana povu lakini mjadala unasonga. Homofobia ndo linafunga mlango. Mtu mmoja akilitamka tu basi, aliyeambiwa anaacha kujibu hoja anaanza kujitetea yeye kama yeye, na aliyelitamka anaona kazi yake imeisha, anaegemea kiti.

Mi sio wale wanaosema neno lenyewe ni la kubuni, eti limetungwa kunyamazisha watu. Wala sio wale wanaolirusha kila kona. Nataka kueleza tu nilichojifunza nikiwa nimekaa katikati, maiki mbele, saa ukutani, maana pale unaona vitu ambavyo aliyekaa upande mmoja havioni.

Kuna siku nilikuwa na wageni wawili. Mmoja mzee, mwalimu mstaafu, mtaratibu, sauti nzito. Mwingine dada mwanasheria, mdogo kwa mzee kama miaka thelathini hivi. Mada ilikuwa kama shule iruhusiwe kumfukuza mwalimu ikijulikana ana mpenzi wa jinsia yake. Mzee akasema shule ya dini ina haki ya kuchagua nani afundishe watoto wake. Hoja hiyo, unaweza kuipinga, unaweza kuuliza vipi shule isiyo ya dini, vipi mwalimu ambaye hajamfundisha mtoto chochote zaidi ya hesabu, njia zipo nyingi. Dada akazipita zote akasema, "Mzee wangu, hiyo ni homofobia, tusiipambe."

Mzee akavua miwani, akaikunja mguu mmoja, akaikunja na wa pili, akaiweka mezani. Nikajua tayari. "Binti yangu, mimi simuogopi mtu. Nimefanya kazi na watu wa aina hiyo sijawahi kukimbia. Fobia ni hofu, sasa nionyeshe ninachoogopa." Dada akasema sio hofu ya namna hiyo. Mzee akauliza ni ya namna gani basi. Dada akaeleza, mzee akakataa, simu zikaanza kuingia, mmoja akasoma maana kutoka kwenye kamusi, mwingine akasema kamusi zimeandikwa na haohao, na yule mwalimu tuliyekusanyika kumjadili, yule anayepoteza kazi, hakutajwa tena mpaka muziki wa kufunga.

Halafu cha ajabu ni kilichotokea wakati wa matangazo ya biashara, maiki zikiwa zimezimwa. Mzee alimgeukia yule dada akamwambia taratibu kwamba mtoto wa dada yake alifukuzwa nyumbani na baba yake kwa sababu hiyohiyo, na yeye mzee ndiye aliyempokea, kijana akakaa kwake mpaka akamaliza masomo. Dada akabaki anamwangalia. "Sasa mzee mbona hujasema hayo hewani?" Mzee akajibu, "Ningesemaje na ushaniita mgonjwa?"

Ona sasa. Mtu amempokea mpwa wake aliyefukuzwa, na mtu huyohuyo yuko tayari mwalimu mwingine afukuzwe. Huo ndo mdahalo niliokuwa nautafuta, ulikuwa umekaa pale pale mezani, na wasikilizaji hawakuusikia.

Lile neno mgonjwa lilinifanya nikasome, maana mzee hakulizua. Aliyelitunga homofobia kwa maana tunayoitumia leo ni George Weinberg, mwanasaikolojia wa Marekani, yeye mwenyewe sio shoga, na wazo lilimjia 1965 akijiandaa kutoa hotuba kwenye mkutano wa watetezi wa mashoga. Alichokuwa akikitafakari ni wenzake wa taaluma, wataalamu wa akili za watu, wasomi kabisa, ambao ofisini waliweza kumsikiliza shoga kama mgonjwa wao bila shida lakini wakikutana naye nje ya kazi, kama mtu tu, wanapata wahaka hawajui waweke mikono wapi. Akajiuliza, hawa wana nini? Neno likachapwa kwa mara ya kwanza 1969, tena kwenye gazeti la mambo ya ngono la New York, na walioliandika, Jack Nichols na Lige Clarke, waliokuwa marafiki wa Weinberg, walilitumia zaidi kwa ile hofu ya mwanamume kuonekana naye ni shoga, ile inayofanya mtu aogope kumkumbatia rafiki yake au kulia mbele za watu. Mwaka huohuo jarida la Time likalitumia. 1972 Weinberg akatoa kitabu, humo akalieleza kama ile hofu kuu ya kuwa karibu na mashoga.

Angalia tarehe lakini. 1972 kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya akili ya Marekani ushoga wenyewe bado ulikuwa umeandikwa kama ugonjwa, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuondoa Desemba 1973. Shirika la Afya Duniani likachelewa zaidi, likauondoa kwenye orodha yake tarehe 17 Mei 1990, ndo maana siku ya kimataifa ya kupinga homofobia huwa 17 Mei. Kwa hiyo enzi hizo kila mtu, daktari, padri, polisi, mzazi, alikuwa anammulika shoga akiuliza huyu ana tatizo gani, na Weinberg kwa neno moja akaigeuza tochi ikammulika aliyeishika. We unayechukizwa hivyo, una nini? Ujanja wa ajabu ule, na mtu asiyejua hii historia hawezi kuelewa kwa nini wengine wanalishikilia neno hili kama roho yao.

Ila dawa ileile ndo ina sumu yake. Ukisema mtu ana fobia umemuweka kitandani, umemfanya mgonjwa, na mgonjwa hahojiwi, anatibiwa au anahurumiwa. Kwenye mdahalo hilo linaleta mambo mawili mabaya kwa mpigo, moja aliyeitwa hivyo anakasirika kama mzee wangu, na pili, hili watu hawalioni, anapata pa kujifichia. Maana mgonjwa hana kosa. Anayeogopa buibui hatumlaumu. Sasa mtu aliyempiga kijana barabarani mpaka akamvunja taya tumpe jina moja na anayeogopa buibui?

Na ukiwaangalia hao wawili hawafanani hata kidogo. Mwenye fobia ya kweli anakimbia, anatokwa jasho, mara nyingi anajua kabisa hofu yake imezidi kipimo na angependa imtoke. Mwenye chuki hakimbii, anafuata. Tena anaona yuko sahihi, anataka abadilike yule mwingine, yeye hana haja ya kubadilika. Mtafiti mmoja Mmarekani aliyekaa na jambo hili miaka mingi, Gregory Herek, alisema hivyo hivyo, kwamba watu wenye misimamo mikali dhidi ya mashoga wanachoeleza zaidi ni hasira na kinyaa kuliko hofu, akapendekeza tuachane na fobia tuseme ni ubaguzi unaotokana na mwelekeo wa kimapenzi wa mtu. Ni sahihi kabisa, ila maneno marefu hayo nani atayasema redioni dakika mbili kabla ya habari.

Hata hivyo ile hoja ya "mimi siogopi kwa hiyo mimi sio" nimeacha kuipa uzito, na wageni wanaoileta huwa nawaambia. Maneno yenye fobia hayajawahi kubanwa na hofu peke yake. Haidrofobia ni jina la zamani la kichaa cha mbwa, mgonjwa anashindwa kumeza maji, koo linabana. Fotofobia ni macho kuumizwa na mwanga, hakuna anayeogopa taa. Na zenofobia, chuki dhidi ya wageni, ipo kwenye magazeti kila siku, sijawahi kupokea simu ya mtu akisema mimi siogopi wageni kwa hiyo futa hilo neno. Mbona hili moja tu ndo linachambuliwa hadi mzizi? Anayekimbilia mzizi wa neno mara nyingi anakwepa swali aliloulizwa.

Vyombo vya habari vikubwa vyenyewe vimeyumba hapa. Shirika la habari la Associated Press 2012 liliwaambia waandishi wake wasilitumie neno hili kwenye habari za siasa na jamii, kwa sababu linambandika mtu ugonjwa wa akili ambao mwandishi hana namna ya kuujua. Weinberg alikuwa bado hai, akapinga, akasema neno ni sahihi na hali hiyo iwekwe kabisa kwenye orodha ya magonjwa ya akili. 2017, mwaka aliofariki, shirika likalegeza, ukizungumzia hali kwa ujumla, chuki au hofu dhidi ya mashoga, unaweza kulitumia, lakini ukifika kwa mtu mmoja mmoja andika kitendo kilichoonekana, usikisie nia iliyo moyoni. Niliposoma hilo la pili nikasema haya, hiki ndicho nilichokuwa nikihangaika kukieleza kwa wageni wangu.

Ila kuna mtu mmoja aliyenifanya nisiende mbali sana na huu uchambuzi, fundi wetu wa mitambo. Kijana mmoja makini, mcheshi, anakaa nyuma ya kioo anapandisha na kushusha sauti za watu wanaomjadili bila kujua kwamba wanamjadili yeye. Mimi najua, wengine pale kazini wengi hawajui. Siku moja baada ya kipindi nilikuwa nalalamika, neno hili bwana linanichosha, heri watu wangeliacha. Akawa anakunja waya, hakuinua kichwa. "Dada, we linakuchosha kwa sababu kwako ni neno la kazini. Mimi kabla sijalisikia nilikuwa na maneno mengi sana na yote yalikuwa ya kwangu. Mchafu. Laana. Mgonjwa. Hili ndo la kwanza lililokuwa la wao."

Sikuwa na cha kujibu nikamsaidia kubeba waya.

Baadaye tuliongea zaidi, akanieleza kitu ambacho kwenye midahalo hakisikiki kabisa, homofobia ya mtu kujichukia mwenyewe. Kwamba alikua akicheka vichekesho vya mashoga kwa sauti kubwa kuliko wote, kwamba hata leo akimuona kijana anatembea kwa madaha mwili wake unashtuka, anataka kumwambia jikaze bana unatuaibisha, halafu anakumbuka. Sasa hapo neno hofu linafaa vizuri sana. Hofu ya kuonekana, hofu ya kufananishwa, ni ileile waliyoiandika wale wawili mwaka 1969. Kwa hiyo kumbe mzizi wenyewe haujafa, unaishi ila mara nyingi unaishi kwa watu ambao hawapo kwenye maiki.

Na hapohapo niseme kuhusu utani mmoja ambao siupendi hata kidogo, wa kusema kila anayepinga ushoga basi naye ni shoga aliyejificha. Watu wenye nia njema kabisa wanautumia, kipindi hakiishi bila mmoja kuutupa, na ukiwauliza wanakwambia utafiti upo. Ndiyo, upo, wa 1996, wa Chuo Kikuu cha Georgia, wanaume 64, wakaonyeshwa video za ngono huku wakiwa wamefungwa kifaa cha kupima msisimko wa mwili, na wale 35 walioonekana kuwa na chuki dhidi ya mashoga ndio walioonyesha msisimko kuongezeka kwa video za wanaume na wanaume, wale wengine 29 hapana. Wanaume 64 jamani. Na watafiti wenyewe waliandika kwamba huenda ni wahaka tu unaofanya mwili ujibu hivyo. Kutoka hapo mpaka kumwambia mpiga simu "na wewe ni mmoja wao" ni mbali sana. Kibaya zaidi, fikiria maana ya huo utani. Unatumia ushoga kama tusi, kumchafua mtu, halafu unajiita mtetezi. Na unarudisha mzigo kulekule ulikotoka, yaani mashoga wakipigwa basi wanapigwa na mashoga wenzao, sisi wengine hatuhusiki. Fundi wangu akiusikia huo utani huwa anashusha sauti ya mgeni kidogo, namuona kupitia kioo, nakausha.

Kuna na wanaojibu kwa heterofobia, yaani chuki dhidi ya wanaopenda jinsia tofauti, eti na wao wanaonewa. Hao huwa nawauliza nani amefungwa jela kwa kumpenda mke wake, tunaendelea.

Sehemu nyingine ambapo neno linapwaya ni kwenye sheria. Zaidi ya nchi 60 duniani bado mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai, na nyingi kati ya hizo sheria ni za kurithi. Kifungu cha 377 cha sheria ya jinai ya India kiliandikwa na Waingereza 1860, kikatumika kama kielelezo kwenye makoloni mengi, kikakaa mpaka 2018 ndipo Mahakama ya Juu kabisa ya India ikakitoa makali kwa watu wazima walioridhiana. Waingereza wenyewe England na Wales walishaanza kufuta yao 1967. Sasa kifungu kile kiliogopa nani? Aliyekiandika kafa zamani. Polisi aliyekitumia pengine hakuwa na chuki yoyote, alikuwa anatafuta hongo tu. Kuna wanafikra wengi, wakiwemo wanawake wa harakati za usagaji tangu miaka ya 1980, waliolilaumu neno homofobia kwa hilo hilo, kwamba linafanya jambo la mfumo lionekane kama kasoro ya kichwa cha mtu mmoja. Ukimtibu yule mtu, sheria iko palepale. Nikiwa na mgeni anayezungumzia sheria siku hizi namwambia sema sheria hii inaadhibu nini, miaka mingapi, nani anakamatwa. Wasikilizaji wanakaa kimya wanasikiliza, kuliko ukianza na homofobia ya serikali, hapo simu zinaanza kulia.

Mgumu kuliko wote kwangu ni mtu wa dini ambaye hajawahi kumgusa mtu. Anaamini ni dhambi, anasema ni dhambi, basi. Huyo ni homofobiki? Upande mmoja unasema imani yake ndo inayowapa nguvu wanaopiga. Yeye anasema dhambi ziko nyingi na hata ulevi anausema na hapigi walevi. Mimi nimeona kumbishia jina hakumtoi popote, wala hakunitoi popote mimi. Kilichonisaidia ni swali moja tu nililoanza kuwauliza: mwanao akija usiku akakwambia ni mmoja wao, utafanya nini? Hapo ndipo watu wanatengana, nimeshuhudia, watu wawili wenye maneno yaleyale ya kitabu kilekile. Mmoja anasema atalia naye ataomba naye lakini chumba chake kiko palepale. Mwingine anasema sina mwana tena. Kwa neno homofobia ulikuwa umewafunga fungu moja. Na yule wa pili, samahani, sitafuti neno laini la kumwita, hapo nalitumia homofobia bila kigugumizi hata akivua miwani.

Kwa hiyo sasa wageni wakifika, kabla hatujaingia studio, nawaambia wazi, neno mnaruhusiwa, sijalipiga marufuku, lakini mtu akilitamka dhidi ya mwenzake nitamuuliza alifanya nini au alisema nini hasa, na asiye na jibu aendelee na hoja nyingine. Wengi wanaelewa, midahalo imepona kidogo, angalau tunafika kwenye mada.

Juzi kati mgeni mmoja, mama mwanaharakati, alinikatalia pale pale mlangoni. Akaniambia, "Mwanangu, hilo swali lako ni zuri kwa mwenye kipindi. Lakini umeona unamuuliza nani? Siku zote anayeumizwa ndiye unayemtaka alete ushahidi, yule mwingine anakaa tu anangoja." Nikajitetea kidogo, nikasema ni haki kwa pande zote, akanitazama tu. Na kweli, ukirudi nyuma kusikiliza rekodi, nani anabanwa kueleza na nani anaeleza akipenda, mama ana hoja. Hewani siku ile nilianza na mgeni wa upande wa pili. Nilimuuliza yeye kwanza, kabla neno lolote halijarushwa, kuhusu mwanawe na ule usiku. Alikaa muda mrefu kiasi kwamba fundi alinipungia mkono akidhani maiki imekatika.